Namba ya Siri ya Calist

Jumanne asubuhi, saa moja na dakika kumi, nilimeza vidonge vyangu viwili, nikafungua mdomo ili Calist ahakikishe kwamba havikubaki chini ya ulimi, na papo hapo simu yangu ikalia kitandani.

Wasichana wenzangu huangaliwa macho, huangaliwa nywele, huangaliwa mwendo. Mimi kwa miezi minne nilikuwa naangaliwa ulimi. Calist aliinama akachungulia, akaridhika, kisha akachukua kadi yangu ya kliniki na kuweka alama kwenye kisanduku cha siku ile.

"Nani huyo asubuhi yote hii?" aliuliza.

Nilisoma ujumbe. Nikausoma tena.

"Watu wa mtandao," nilisema. "Bando langu linakaribia kuisha."

"Namba haijaja?"

"Bado."

Huo ndio uongo wa kwanza niliowahi kumwambia Calist, na niliusema mdomo wangu ukiwa bado na uchungu wa dawa. Yeye aliitikia tu, akasogeza kikombe changu cha maji karibu na mto, akaniaga. Alikuwa na kuku wa jirani wa kuwachanja kabla jua halijawa kali. Nilimsikia akimsalimia mtu njiani, nikasikia vumbi likipigwa na upepo kwenye bati, halafu nyumba ikanyamaza. Mama yangu huondoka alfajiri kwenda kwenye banda lake la chai na chapati pale Shelui barabarani, malori yanapoegesha, na harudi mpaka jioni. Siku yangu ilikuwa imeshakwisha, na wala haijafika saa mbili.

Nilifungua simu nikasoma ujumbe kwa mara ya tatu. Ulisema kwamba mwombaji Calist amechaguliwa na vyuo viwili, kwamba atumie namba maalumu ya siri kuthibitisha kimoja, na kwamba mwisho ni Ijumaa. Chini yake ilikuwepo namba yenyewe, tarakimu na herufi sita zimepangana mstari mmoja.

Utaniuliza namba ya siri ya Calist ilitafuta nini kwenye simu yangu. Mwezi wa saba, wiki ya kuomba vyuo, simu yake ilidumbukia kisimani kwenye bustani yao ya vitunguu. Simu ya mama yake isingefaa, kwa sababu yule mama hufuta kila ujumbe wa Kiingereza akiamini ni matapeli. Barua pepe alifunguliwa na mwenye steshenari, na neno la siri wakalisahau wote wawili siku hiyo hiyo. Basi Calist akaandika namba yangu. "Si ni sawa tu?" aliniambia. "Nakuona kila siku." Tulicheka. Sikujua kwamba siku moja nitakuwa nimeshika maisha yake kiganjani na kuyaficha chini ya mto.

Mimi na Calist tulisoma shule moja, tahasusi moja, tukiachana dawati moja tu. Mwezi wa tano tuliingia kwenye mtihani wa mwisho wa kidato cha sita tukiwa na mpango wa kwenda chuo pamoja. Siku ya tatu, katikati ya karatasi ya Biolojia, nilikohoa, na nilichokohoa kikaangukia kwenye kijitabu changu cha majibu. Kilikuwa chekundu. Nakumbuka niliona aibu kabla sijaogopa. Nilijaribu kufuta kwa kiganja nikakizagaza. Calist aliinuka kwenye kiti chake, msimamizi akamwambia, "Kijana, kaa chini," naye akakaa. Mimi nikatolewa nje nimeshikwa na wasimamizi wawili, na sikurudi.

Ilikuwa kifua kikuu. Dozi ya miezi sita. Matokeo yalipotoka, Calist alikuwa na daraja la kwanza, na mbele ya jina langu palikuwa na maelezo kwamba nimeruhusiwa kurudia mwakani kwa sababu ya ugonjwa. Watu walinipongeza kwa hilo. Walisema nina bahati.

Mwakani ni neno jepesi kwa anayekuambia. Kwangu mimi lilikuwa na maana ya kukariri kidato cha sita na wale tuliowaacha kidato cha tano, wasichana waliokuwa wakiniita dada. Lilikuwa na maana ya kubaki. Kundi letu la simu la wanafunzi wa zamani lilijaa majina ya vyuo, picha za masanduku mapya, watu wakitafutana wa kupanga nao chumba. Mmoja akaandika, "Poleni mliobaki." Nilihesabu waliobaki. Nilikuwa peke yangu.

Pale mtaani mambo yalikuwa hivyo hivyo. Nesi Marietha wa kituo cha afya aliniambia tangu mwezi wa saba kwamba makohozi yangu ni safi na siambukizi mtu, nami nikamwomba akapige mbiu, akacheka, akadhani natania. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi kushoto na kulia. Watoto waliokuwa wakija kuniomba niwasaidie hesabu waliacha kuja. Hata mama yangu, ambaye ananipenda, aliendelea kunitengea kikombe changu na sahani yangu, na nilipokosea nikatumia cha kwake alikinyanyua kimya kimya akakichemsha.

Calist peke yake ndiye aliyekuja. Nesi aliposema lazima niwe na msimamizi wa dawa, mtu wa kuniona nikimeza kila siku, mama yangu akasema yeye hutoka alfajiri. Calist akasema, "Niandike mimi." Akaandikwa. Hajakosa asubuhi hata moja.

Sasa unaelewa kwa nini nilisema bado. Nilisema tena Jumatano. Alhamisi nilisema tena bila hata kusubiri aulize vizuri.

Alhamisi hiyo hiyo, adhuhuri, Mama Calist alikuja.

Nilikuwa uani napepeta karanga. Nilisimama, nikajifuta mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako yupo?"

"Yuko bandani kwake. Nikamwite?"

"Hapana. Nimekuja kwako."

Nilimletea kigoda. Alikitazama, akabaki amesimama. Halafu alizunguka taratibu, akavuka ua, akasimama upande ule upepo unakotoka, ili pumzi yangu isimfikie. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama mtu anayekwepa moshi wa jiko, na pengine hakujua kwamba nimeona.

"Nikuletee maji, mama?"

"Nimekunywa nyumbani." Alijifunga khanga yake upya. "Binti wa mzee Hosea amepata namba yake tangu Jumanne. Ameshathibitisha, ameshamaliza. Wangu kila nikimuuliza ananiambia bado. Na namba inakuja kwako. Nijibu kama unavyomjibu mama yako mzazi, Yunisi. Imekuja au haijaja?"

Niliinamisha macho kwenye ungo.

"Imekuja, mama."

"Lini?"

"Jumanne."

Nilingoja anigombeze. Nilitamani anigombeze, maana mtu akikugombeza angalau unapata pa kushika. Aliponena, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwaka ule wa kideri nilizika kuku wangu wote kwa siku tatu. Calist alikuwa darasa la sita. Alikaa kwenye ukingo wa shimo akaniuliza, mama, kwani hawa hawana daktari? Nikamwambia yupo, yuko Kiomboi huko, hawezi kufika kwa kila mtu. Tangu siku ile sijamsikia akitaka kitu kingine. Leo hii nusu ya kuku wa Shelui wamechanjwa na mkono wake. Majina yametoka, Morogoro wamemwita asome huo udaktari wa mifugo. Juzi ananiambia, mama, mimi naona niende Dodoma, nikasomee ualimu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema Dodoma ni karibu." Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Karibu na nini, Yunisi?"

Jibu lilikuwa limesimama pale na ungo mkononi.

"Mimi sikuchukii," aliendelea. "Nakuogopa, hilo sikufichi. Nilimzika mdogo wangu kwa kifua hicho hicho. Kila asubuhi Calist anapotoka kuja huku, chai hainipiti kooni mpaka arudi."

"Siambukizi tena, mama. Nesi alinipima."

"Nesi hakumzaa." Kisha akaonekana kujuta kidogo. "Sikuja kukusimanga. Nimekuja kukuomba. Mpe namba yake. Na ukimpa, mwambie aende Morogoro. Mimi nikimwambia ananiona nakutenga. Wewe atakusikia."

"Nikimwambia hivyo, mama, hatarudi huku kwa muda mrefu."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nimekuja kuomba. Ingekuwa jambo dogo ningemtuma mtu."

Aliniaga akaondoka. Kigoda kilibaki pale katikati ya ua bila kukaliwa na mtu.

Ningependa kukuambia kwamba nilimchukia. Ingekuwa nafuu. Nilirudi kupepeta karanga zangu, nikapepeta mpaka nikazimwaga, nikaketi chini kuziokota moja moja, na kila nilipotafuta neno moja baya alilosema nilikuta yote ni kweli. Hicho ndicho kilichoniliza. Kukataliwa na mtu mwongo kunavumilika, unakwenda kuwasimulia watu na wanakuonea huruma. Mimi nilikataliwa na mama mwenye haki, na sikuwa na wa kumsimulia.

Ijumaa Calist alikuja kama kawaida. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani, lile la mistari ya kijani, na alikuwa na simu ya mjomba wake mfukoni. Nilikuwa nimekwisha amka, nimeoga, nimetandika. Vidonge vilikuwa mezani.

"Meza kwanza," alisema.

"Leo tuzungumze kwanza."

"Yunisi, saa moja imepita. Dawa ina saa yake."

Nilimeza. Alitaka kuinama aangalie.

"Usiniangalie ulimi leo," nilimwambia. "Niamini tu."

Alishtuka kidogo, akaketi kwenye ukingo wa kiti.

"Namba yako imekuja," nilisema.

"Najua."

"Tangu Jumanne."

"Najua, Yunisi. Ule ujumbe uliusoma mara mbili mbele yangu. Hakuna mtu anayesoma habari za bando mara mbili."

Nilijiona mjinga wa daraja la kwanza. Siku tatu nimelala na uongo wangu nikiubembeleza, kumbe mwenyewe anaujua.

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe hukutaka kuitoa na mimi sikutaka kuipokea. Nikaona tupumzike kidogo." Alitabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, na moyo wangu ukafanya kama unavyofanya siku zote. "Lakini leo ndiyo mwisho. Nisomee, nithibitishe Dodoma, tumalize."

"Dodoma."

"Dodoma. Nimeshapiga hesabu zote. Ijumaa nikitoka darasani napanda basi, Jumamosi asubuhi niko hapa, nakuona ukimeza. Jumapili mchana narudi. Siku za katikati mama yako atajitahidi. Na ni miaka mitatu tu. Morogoro ni mitano, na ni mbali, nitakuona Krismasi na likizo ndefu basi."

Nilimwona akishuka kwenye basi Jumamosi asubuhi, vumbi kwenye nyusi, begi begani. Nilimwona akigonga mlango huu. Nataka niseme wazi hapa, nisijifanye malaika: nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Miezi minne ya kukaa peke yako inakufanya umtake mtu kwa namna isiyo na haya.

"Unapenda kufundisha?" niliuliza badala yake.

"Nitazoea."

"Hujawahi hata kumfundisha mdogo wako kufunga kamba za viatu bila kumgombeza."

"Watu hubadilika."

"Calist, nenda Morogoro."

Tabasamu likaondoka. "Mama alikuja hapa."

"Alikuja."

"Alikuambia nini? Alikutukana?"

"Angenitukana ningekusimulia kwa raha. Alisema kweli tupu, na nimekasirika nayo tangu jana."

Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Chumba chetu ni kidogo, hatua tatu zinakimaliza.

"Mama anataka nikae mbali na wewe. Hataki udaktari, anataka umbali. Wewe huoni?"

"Anataka vyote viwili. Na wewe unataka nini?"

"Nataka wewe upone."

"Nitapona. Imebaki miezi miwili. Baada ya hapo utanitakia nini?"

Macho yake yalikwenda kwenye kadi yangu ya kliniki, na hilo likanipa nguvu ya kusema nililokuwa nalo tangu mwezi wa saba.

"Mara ya mwisho ulinishika mkono lini, Calist? Siyo kupima joto. Kunishika."

"Yunisi..."

"Unakuja kila asubuhi, na Mungu akubariki, maana bila wewe ningekuwa nimeshaichoka dozi. Lakini unakuja kuona vidonge. Unaangalia ulimi, unaangalia kadi, unaangalia kama nimekonda. Mimi hunioni. Nimekuwa mgonjwa wako. Ukienda Dodoma kwa ajili yangu, nitakuwa mgonjwa wako miaka mitatu, hata nikiwa mzima. Na siku utakayopita mahali ukaona kuku wanakufa na huwezi kuwasaidia, utaniangalia kwa jicho ambalo sitaliweza."

"Siku ile nilikaa chini," alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nilijua ni siku ipi.

"Waliniambia kaa, nikakaa. Ulikuwa unatolewa na damu mkononi, na mimi nikageuza ukurasa nikajibu swali la nne. Nililipata hilo swali, Yunisi. Kila nikiona lile daraja la kwanza nakumbuka nililipata. Safari hii sikai tena chini nikuache utolewe peke yako."

Kumbe hicho ndicho alichokuwa akija nacho kila asubuhi, zaidi ya siku mia moja, na mimi nikidhani ni mapenzi tu na uvumilivu. Nilimwendea. Tangu niugue sikuwa nimemkaribia mtu kiasi kile kwa hiari yangu. Nilimshika mkono mimi mwenyewe, mkono wake mgumu wa jembe la vitunguu, na hakuuondoa.

"Ulitakiwa kukaa," nilimwambia. "Ungeinuka, leo tungekuwa wawili wa kukariri, na mimi ningekuwa na la kujilaumu mpaka kaburini. Mimi nilipoona umekaa nilishukuru. Nakuapia. Nilisema, angalau mmoja wetu anamaliza."

Alilia. Mwanaume wa Kinyiramba, shati la kanisani, saa mbili kasorobo asubuhi. Nilimwacha alie. Tulikaa hivyo mpaka lori moja likapiga honi ndefu huko barabarani, naye akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Na wewe?" aliniuliza ghafla.

"Mimi nini?"

"Mwalimu Mughwai amekupigia mara ngapi?"

Niliachia mkono wake. Mwalimu Mughwai ni mwalimu wetu wa taaluma.

"Nani kakuambia?"

"Amenipigia kwa simu ya mama. Anasema Jumatatu ndiyo siku yako ya mwisho kuripoti, ukizidisha hapo nafasi inapotea. Anasema kila akikupigia simu inaita tu. Unaniambia mimi niende, na wewe unakwenda wapi?"

"Nitafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nitasomea hapa hapa nyumbani."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Mtu ambaye kitabu chake cha Kemia kina utandu wa buibui," alisema. "Nimekiona. Hukukigusa tangu mwezi wa sita."

Nilikasirika, kwa sababu aligusa penyewe. "Unajua nitakaa na nani darasani? Happiness. Happiness niliyekuwa namwonyesha pa kuchota maji alipoingia kidato cha tano. Nikipita watanong'ona ni yule wa damu. Watatenga vitanda. Wewe hujui, Calist. Wewe unaondoka ukiwa na jina zuri. Mimi narudi palepale nilipoaibika, kiti kilekile, na wenzangu wote hawapo."

"Ni kweli," alisema. "Sijui. Lakini nikienda Morogoro na wewe ukabaki kitandani hapa umenuna, watu watasema ulijitoa kwa ajili yangu. Sitaki kusomeshwa kwa kifungo chako. Sithibitishi chuo chochote mpaka upige simu shuleni. Nikiwa nasikia."

"Saa zinakwenda."

"Ziende."

Alikunja mikono akaketi. Ninamjua Calist. Ana ukaidi wa mama yake, ule wa kusimama kwa saa nzima na kigoda kipo. Nilichukua simu, nikamtafuta Mwalimu Mughwai, nikaweka spika ili anisikie. Iliita mara mbili tu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Yunisi, mwalimu. Wa Shelui."

Palikuwa na kelele za wanafunzi nyuma yake, sauti za asubuhi ya shule nilizozijua moja moja.

"Yunisi," alisema mwalimu. "Mimi nilidhani umeolewa."

"Hapana, mwalimu."

"Basi unakuja?"

Nilimtazama Calist. Hakunisaidia hata kwa kupepesa jicho.

"Nakuja, mwalimu. Ila dozi yangu bado miezi miwili."

"Matroni anajua, nimeshaongea naye. Utamezea ofisini kwake, hakuna wa kukuchungulia. Na darasani hawatakupokea vizuri wiki ya kwanza, nakuambia mapema. Utakuwa mwenyewe. Utavumilia?"

"Sijui, mwalimu."

"Hilo ni jibu la kweli, linanitosha. Njoo Jumapili. Jumatatu kuna jaribio la Fizikia."

Akakata. Hata pole hakunipa, na nilimshukuru kwa hilo.

Calist alitoa simu ya mjomba wake. Alifungua ukurasa wa udahili taratibu, mtandao wetu unajulikana, akangoja, akaingiza jina lake, akangoja tena. Kisha akaniinamishia kioo nione. Vyuo viwili vilikuwa vimepangana, Dodoma juu, Morogoro chini. Kidole gumba chake kilikaa hewani kidogo. Kikashuka kwenye Morogoro. Pakafunguka kisanduku kitupu kilichotaka namba ya siri.

"Haya," alisema. "Soma."

Nilifungua ujumbe wangu. Nilikuwa nauona kila siku chini ya mto, ningeweza kuusema hata nikiwa nimefumba macho, lakini nilitaka kuusoma.

"Nne."

Akaandika.

"Sita."

Akaandika. Nje upepo ulikuwa umeanza ule wa saa mbili, wa kuinua vumbi la barabara yote na kulileta milangoni.

"P."

"Kubwa?"

"Kubwa." Nilimeza mate. "Utaniandikia?"

"Kila wiki."

"Usiahidi kila wiki. Ahidi kitu utakachokiweza."

Alifikiri. "Nitakuandikia nikiwa na la kusema."

"Hiyo naiamini. Moja."

Akaandika moja. Niliona sikio lake, kovu dogo alilokwaruzwa na jogoo, nywele alizonyoa jana kwa ajili ya leo. Nilimwangalia bila kificho, kwa jinsi ambavyo mtu huangalia nyumba anayohama. Naye akainua uso kutoka kwenye simu akaniangalia, na safari hii alikuwa ananiangalia mimi.

"Mbili," nilisema.

Akaandika, akangoja.

Ilibaki tarakimu moja. Nje ya mdomo wangu palikuwa na miaka mitano, kitanda cha bweni na madarasa ya watoto waliokuwa wakiniita dada, asubuhi ambazo hakuna mtu angeweka alama yoyote kwa sababu nimeamka. Ndani ya mdomo wangu Calist alikuwa bado wa Shelui, bado wangu, amekaa kwenye kiti chetu cha mbao na kidole kimeinuliwa. Nilimweka humo muda mrefu kuliko haki. Hakunihimiza. Angeweza kukaa hivyo mpaka jioni kama ningetaka, na mimi ndiye niliyejua kwamba ningetaka.

"Saba," nikasema.